Jibu: Rangi ya bampa kubanduka baada ya kuoshwa

Mkuu, umeuliza kwa nini rangi uliyopuliza kwenye bampa la gari inabanduka kama maganda ukiliosha, na ufa uliopo kwenye bampa hilo uutengenezeje. Tatizo si rangi, ni kilichopo chini yake. Geuza bampa usome herufi za ndani: ukikuta PP au TPO (ni aina za plastiki), plastiki hiyo haishiki rangi vizuri bila praima maalumu ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha. Osha na uondoe mafuta kabla ya msasa, la sivyo utayasugua yazame kwenye mikwaruzo. Msasa namba 320 kwanza. Praima ikikauka, lainisha kwa msasa namba 600 wa maji (unasugua ukiwa umelowa). Ule ufa, toboa kitundu mwishoni mwake usizidi kukimbia, kisha uunge kwa nyuma. Puliza tabaka nyembamba (mimi haraka iliniponza, rangi ikachuruzika). Na barakoa iwe ya kuzuia kemikali, si kitambaa.