Usitafute paki Posta saa nne asubuhi

Mwaka juzi nilimpeleka mama benki pale Posta, Dar es Salaam. Magoti yamemchosha, kwa hiyo nilitaka kupaki jirani, nimshike mkono tuingie pamoja. Tulifika saa nne kamili. Nikazunguka Samora, Zanaki, Jamhuri, nikajikuta nimerudi nilikoanzia. Mzunguko wa nne mama akasema, "Mwanangu, nishushe hapahapa, nitajikongoja." Nikamshusha, nikamwona kwenye kioo akivuka barabara peke yake na fimbo yake. Nilipopata nafasi na kurudi kwa miguu, alikuwa amemaliza shughuli zake, amekaa kwenye kizingiti cha duka la watu akinisubiri juani.

Siku ile iliniuma sana. Kazi yangu ni ya nyaraka za mizigo ya bandarini, na mjini naingia karibu kila siku, lakini sikuwahi kujiuliza yale magari yanayoziba mitaa ni ya nani na yanakaa muda gani. Nikaanza kutazama. Nilichagua kipande kimoja cha mtaa ninachopita asubuhi, mchana na jioni, nikawa naandika namba za magari kwenye daftari.

Wiki moja ilitosha. Magari ni yaleyale. Lililokuwepo saa mbili asubuhi nalikuta saa sita, nalikuta tena saa tisa, vumbi limetulia kwenye kioo. Ni ya watu wa maofisini na, jambo lililonishangaza zaidi, ya wenye maduka wenyewe. Wanawahi kabla ya foleni, wanapaki, wanaondoka jioni. Nafasi moja iliyolaliwa kutwa nzima ingepokea watu zaidi ya kumi wenye shida ya nusu saa: wa benki, wa dawa, wa kugonga muhuri. Ndugu yangu mwenye duka, ukiweka gari lako mbele ya mlango wako tangu asubuhi, umemfungia mteja wako njia. Yeye hatazunguka mara nne kwa ajili yako. Ataenda dukani kwa mwingine.

Ni kweli pia kwamba mitaa ile ni ya zamani. Palipokuwa na nyumba ya ghorofa mbili sasa pana jengo refu lenye ofisi juu mpaka juu, na barabara haijaongezeka hata hatua moja. Lakini hilo halitabadilika kesho, na wewe una shughuli kesho.

Kwa hiyo jua saa zako. Kabla ya saa mbili asubuhi unachagua mtaa unaoutaka. Kuanzia saa tatu mpaka saa saba mchana hakuna kitu. Ukiona nafasi wakati huo, mara nyingi ni mbele ya geti la mtu au mahali pasiporuhusiwa, na utakuta tairi limefungwa. Kuanzia saa tisa na nusu, watumishi wa serikali wanapotoka, mitaa inaanza kupumua. Ijumaa ihesabu peke yake: kuanzia saa sita, mitaa yenye misikiti inajaa waumini, na wengi hawaondoki kabla ya saa nane. Jumapili mji ni mweupe, isipokuwa upande wa baharini karibu na Azania Front na Mtakatifu Yosefu, ambako ibada za asubuhi zinajaza kila upenyo.

Kariakoo usiipime kwa kipimo cha Posta. Kule magari hayalali, yanapakia na kushusha: kirikuu, maguta, mikokoteni, na wateja waliotoka mikoani na hata nchi jirani. Tangu njia ya mwendokasi ipite Mtaa wa Msimbazi, kusimama kando yake usikufikirie. Mimi Kariakoo gari siingizi kabisa. Naliacha kwa malipo kwenye yadi yenye mlinzi karibu na kituo cha mwendokasi nje ya mji, naingia kwa basi, na mzigo ukiwa mkubwa nakodi bajaji mpaka kwenye gari.

Ukipaki barabarani, lipa siku hiyohiyo. Ushuru wa maegesho unaosimamiwa na TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, unafuata namba ya gari, si dereva. Nililinunua gari langu la sasa mkononi mwa mtu, na ndani ya mwezi nikagundua nimenunua na madeni yake. Kabla ya kutoa hela yako kwa gari lililotumika, angalia deni la maegesho kama unavyoangalia injini.

Kama una shughuli itakayochukua saa tatu au nne, ingia maegesho ya ndani ya majengo yanayopokea wageni. Ni ghali kidogo, lakini piga hesabu ya mafuta unayochoma ukizunguka.

Natamani wanaopanga mji wetu watazame walichofanya San Francisco, Marekani, kuanzia mwaka 2011. Waliweka vihisio, yaani vifaa vinavyotambua kama gari lipo au halipo, kwenye nafasi za barabarani, wakabadilisha bei kwa kila mtaa na kwa saa, lengo likiwa kila mtaa ujae kati ya asilimia 60 na 80 tu, ili anayefika asikose pa kusimama. Palipojaa bei ikapanda, palipokuwa patupu ikashuka. Hapa kwetu nisingeomba yote hayo. Ningeomba nafasi chache karibu na benki na maduka ya dawa ziwe za nusu saa tu, na sheria hiyo isimamiwe kweli.

Mama bado huenda benki kila mwisho wa mwezi. Siku hizi tunatoka nyumbani alfajiri, saa moja na nusu nimeshapaki hatua ishirini kutoka mlangoni. Tunaingia mgahawa wa jirani, anaagiza chai ya maziwa na chapati moja, na tunapiga soga mpaka benki ifungue.