Mkanda wa kuchomoa haraka kwa kamera nzito: anza na kiungo

SWALI: Shikamoo kaka. Mi napiga picha za harusi hapa Mbeya, maeneo ya Mwanjelwa, na msimu wa maua huwa napandisha hifadhi ya Kitulo. Natumia Canon 5D Mark IV na lenzi ya 70-200 f/2.8. Mkanda uliokuja na kamera unanikata shingo, afu nikiiweka kwenye stendi unabaki unaning'inia, upepo wa kule juu unaupeperusha mpaka kamera inatikisika. Nimeona kuna mikanda ya kuchomoa haraka ila naogopa isije ikafyatuka kamera ikaenda chini. Nichukue ipi? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Woga wako una msingi kabisa maana huo ni mzigo, bodi ya 5D Mark IV na betri yake ni gramu 890, hiyo 70-200 kama ni toleo la tatu ni gramu 1,480, ukipachika na flashi ya ukumbini unakaribia kilo 3. Na mzigo wenyewe hautulii, ukikimbia kumuwahi bibi harusi mlangoni au ukiruka kijito kule Kitulo kamera inadunda, na kila ikidunda kiungo kinavutwa kwa nguvu kubwa kuliko hizo kilo 3. Wengi wakifika dukani wanabonyeza sponji ya begani, wanaangalia rangi, wanalipa. We anza na kiungo, pale mkanda unaposhikana na kamera, sponji baadaye.

Kuna klipu za plastiki za kubana pande mbili kama za begi la shule, Op/Tech USA wanazitumia na ni mikanda laini sana begani. Shida yangu ni kwamba kinachofunguka kwa kubanwa kinaweza kubanwa na kiwiko cha mtu, na unajua watu wanavyosongamana wakati wa kutunza. Kuna ya skrubu inayoingia chini pale kwenye tundu la stendi, BlackRapid ndo wanajulikana nayo, kamera inakaa ubavuni na shingo inapumzika. Ila skrubu ikizungukazunguka unavyotembea inalegea taratibu bila wewe kujua, kwa hiyo ile pete yake ya mpira (washa) isikosekane na uikaze kwa vidole mara kwa mara, afu tundu la stendi linakuwa limeshakaliwa wakati we ndo unalitaka.

Kwa kazi zako ningechukua ya tatu, ile ya Peak Design. Unafunga vikamba vifupi kwenye kamera, kila kimoja kina kidude cha duara kinachoingia kwenye nyumba yake iliyopo kwenye mkanda. Kukitoa lazima ukikandamize ndo ukisukume, vitendo viwili, kwa hiyo kugongwa tu hakifunguki, na kampuni inasema kimoja kinabeba zaidi ya kilo 90. Kitu cha kuangalia ni kikamba chenyewe. Kinalika pale kinaposuguana na chuma cha kamera, kwanza kinaota manyoya, baadae ile ngozi nyeusi ya nje inaisha na rangi nyingine inachungulia kutoka ndani. Ukiiona hiyo rangi usisubiri harusi ya Jumamosi iishe, badilisha siku hiyohiyo. Na vya kuiga vipo, vinafanana kabisa kwa macho, usiviamini na mzigo wa kilo 3.

Lingine ambalo naona halisemwi vya kutosha: lenzi yako ni nzito kuliko bodi. Ukining'iniza kwa masikio mawili ya bodi, yaani zile pete za pembeni za kupitishia mkanda, uzito wote wa lenzi unavuta pale inapoungana na kamera. Hiyo 70-200 ina pete yenye mguu, kikamba kimoja kifunge kwenye kibao kidogo cha skrubu kilichokazwa kwenye mguu huo na kingine kwenye sikio la bodi, utaona inatulia ikiangalia chini na haikupigi tumboni.

Kabla hujaitundika kamera jaribu kwanza nyumbani, funga mfuko wa sukari wa kilo 5 kwenye mkanda, ukiwa juu ya godoro, uchezeshe, udundishe, uangalie kama kuna kilichoteleza hasa pale mkanda unaporefushwa. Kwa Kitulo jaribu pia kuchomoa ukiwa umevaa glavu, ile baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 vidole vinakufa ganzi. Kukiwa na vumbi puliza ndani ya nyumba ya kidude, mchanga ukikaa hakiingii mpaka mwisho, na kabla hakijalia "ta" na hujakivuta kwa mkono kuhakikisha, usiachie kamera. Ukipanda bodaboda iingie kwenye begi, mkanda wowote ule haukusaidii hapo.

Na kama hela ya mkanda mzima haijapatikana, wanauza vile vidude na nyumba zake peke yake. Ule mkanda wako wa Canon una ncha nyembamba zinazopita humo, unaupachika, unaanza kazi, bega utalitafutia mkanda mpana baadaye.