Niliacha kazi kwa sababu ya ugonjwa: nieleze vipi pengo katika wasifu kazi?

SWALI: Mimi ni mhasibu. Niliugua nikapewa likizo ya ugonjwa ya miezi 7, kisha nikaacha kazi ili nikamilishe matibabu. Sasa nimepona, lakini mwaka mzima umepita tangu niache kazi. Je, nitaje ugonjwa katika maombi, au ninyamaze hadi niulizwe?

JIBU: Kwanza hesabu upya tarehe zako, maana nahisi unajipunja. Ulipokuwa katika likizo ya ugonjwa ulikuwa bado mwajiriwa, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya kuandika katika wasifu kazi ni ile ambayo ajira yako ilikoma rasmi, wala si siku uliyoonekana ofisini mara ya mwisho. Mwajiri wako wa zamani akiulizwa, kumbukumbu zake zitaonyesha tarehe hiyohiyo. Pengo lako basi ni la miezi 12, si 19.

Jina la ugonjwa halina nafasi katika wasifu kazi. Andika mstari mmoja, kwa mfano «Mapumziko ya kikazi kwa sababu za kiafya, sasa yamekwisha», pamoja na miaka husika. Wapo wanaoshauri pengo liachwe wazi. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa anayechambua maombi hujaza nafasi hiyo kwa dhana zake, na mara nyingi dhana hizo ni mbaya kuliko ukweli. Usibuni biashara ambayo haikuwapo, kwani uongo wa namna hiyo ukigundulika hata baada ya kuajiriwa unaweza kukufukuzisha kazi.

Kwenye usaili, kinachowaponza wengi ni kuendelea kuzungumza. Msaili anataka hasa kujua kama utaimudu kazi, hivyo mjibu hilo: «Nilihitaji matibabu, nikaacha kazi ili niyakamilishe. Yamekwisha, daktari ameniruhusu kurudi kazini, na niko tayari kufunga hesabu za mwezi kama nilivyokuwa nikifanya.» Hapo nyamaza, hata kama ukimya utakusumbua, kisha umsubiri aulize jingine.

Akidadisi ugonjwa wenyewe, unaweza kusema kwa upole kwamba ungependa kuzungumzia uwezo wako wa kazi. Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamzuia mwajiri, isipokuwa katika hali chache, kuuliza habari za afya kabla hajampa mwombaji kazi, na Marekani ina katazo linalokaribiana na hilo katika sheria ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu. Tazama sheria ya kazi ya mahali unapoomba inasemaje, lakini kumbuka kuwa makatazo hayo yanabana swali la mwajiri. Ulilolisema mwenyewe halifutiki masikioni mwake.

Ikiwa bado unahudhuria kliniki, subiri upewe barua ya ajira, kisha kabla ya kutia saini ueleze hitaji lenyewe tu, kama vile asubuhi moja kila mwezi, na uombe makubaliano hayo yaandikwe.