Mwandishi wa India na kijiji cha popoo

SWALI: Mhariri shikamoo. Sisi ni kikundi cha maigizo huku kijijini, watu 9, mazoezi tunafanyia uwanja wa shule jioni. Mwenzetu mmoja anasema India kuna kijiji kizima kinaishi kwa tamthilia na alieanzisha ni mwandishi wa Kikannada. Ni kweli au katupiga kamba? Na hela walitoa wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Katia chumvi kidogo tu. Hicho kijiji kinaishi kwa popoo, ile ile inayotafunwa na tambuu huko Unguja, tamthilia ni ya jioni wakishatoka shamba. Kinaitwa Heggodu, karibu na mji wa Sagara, jimbo la Karnataka, ambako lugha yao ndo hicho Kikannada, na huyo mwandishi ni K. V. Subbanna, mtoto wa wakulima hao hao, alizaliwa 1932, akasoma chuo Mysore halafu akarudi zake kijijini.

Chama chao cha maigizo, Ninasam, kilianza 1949, yeye hata miaka 20 hajafika. Sasa mi ninachompendea ni kwamba hakuwapa wanakijiji vitamthilia vyepesi vya nawa mikono, aliwapa Kalidasa mshairi wa kale wa India, Shakespeare wa Uingereza, Brecht wa Ujerumani, vyote kwa Kikannada, vingine katafsiri mwenyewe, na watu wakakaa wakaangalia. Usishangae, kwao huko kuna Yakshagana, ngoma na uigizaji wa usiku kucha, mchezaji kavaa kilemba kikubwa kama ungo, uso umepakwa rangi, ngoma zinalia, anacheza vita vya Mahabharata, ule utenzi wa kale wa India, mpaka alfajiri, sasa mtu aliezoea hivo masaa mawili ya Hamlet ya Shakespeare yatamshinda nini?

1973 wakaanzisha na chama cha sinema. 1980 wakafungua shule ya uigizaji hapo hapo kijijini, wanafunzi wakawa wanatoka sehemu mbalimbali za jimbo kuja kusomea kijijini, na 1985 ikaja Tirugata, yaani kama kusema kuzurura, kundi linalofunga safari na mapazia yake na taa zake, leo mji huu kesho ule. Sisi tumezoea kundi litoke mjini lije kwetu, ikinyesha mvua haliji. Kule mji ndo unasubiri watu wa kijijini wafike.

Hela sasa. Misaada walipata, Ford Foundation, shirika la misaada la Marekani, iliwachangia miaka ya 80, na 1991 Subbanna akapewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ile kubwa ya Asia inayotolewa Ufilipino, ila hesabu mwenyewe toka 1949, mfadhili anafika chama kina miaka zaidi ya 30 na watu wake washazoea kufanya kazi bila yeye. Subbanna alifariki 2005, chama kipo mpaka leo na mwanae K. V. Akshara nae ni mtu wa jukwaa.

Kwa hiyo uwanja wa shule sio tatizo jamani. Ila barua yenu yote hamjasema mnaigiza nini, skripti mnaandika wenyewe au? Tuandikieni tena.