Swali la lugha: Usiite uchambuzi kabla hujachambua

Msomaji wa Mbagala, kijana anayetengeneza video za kuzungumzia gemu na TV za kuchezea, ananiandikia: "Shikamoo Mwalimu. Nikimaliza gemu huwa natoa maoni yangu. Kazi hiyo niiite rivyu, mapitio, uhakiki au uchambuzi? Na je, ni gemu hii au gemu hili? Kuna mtu kaniambia niache kabisa neno gemu, niseme mchezo."

Marahaba. Nianze na la mwisho, ndilo jepesi. Gemu libaki. Mchezo ni neno lenye kazi nyingi mno: Simba na Yanga wakikutana Uwanja wa Mkapa ni mchezo, watoto wakiruka kamba ni mchezo, na kina mama wa mtaani kwako wanaochangishana kila mwezi na kumpa mmoja wao fungu lote, nao wanasema wanacheza mchezo. Gemu limekuja na kazi yake moja, na linaifanya vizuri. Ngeli yake ni ya kompyuta: gemu hii, gemu hizi. Wapo wanaosema gemu hili, magemu haya, na siwagombezi, mradi mtu asianze na "gemu hii" akamaliza na "magemu yale" kabla hajavuta pumzi.

Sasa tuje kwenye uchambuzi. Hapo umenigusa penye kidonda.

Sijui neno jingine lililochakazwa hapa Dar kama hili. Washa redio asubuhi usikilize wachambuzi. Mtu anasema timu fulani itashinda kwa sababu ina wachezaji wazuri, anaitwa mchambuzi. Mwingine anatusomea matokeo ya jana, naye mchambuzi. Ugonjwa huo umeshahamia kwenye gemu na TV. Juzi nimetazama video iliyoitwa "uchambuzi wa kina" wa TV mpya. Dakika kumi na mbili nzima kijana amesimama dukani Kariakoo, boksi halijatolewa hata selotepu, anasoma maandishi ya ubavuni: inchi 55, LED, 4K, hertz 120. Mwisho akasema TV hii ni moto. Huko ni kusoma boksi. Kusoma ni kitenzi chenye heshima zake, angekitumia hicho.

Kuchambua ni kazi ya mikono. Shangazi yangu wa Buguruni alikuwa akinunua mchicha wa bonde la Msimbazi, jioni anakaa kwenye kigoda, ungo mapajani. Anafungua kamba ya fungu. Mizizi anakata. Jani la njano, nje. Jani lililotobolewa na wadudu, nje. Bua analijaribu kwa kucha. Likikataa kuvunjika limekomaa, nje. Nyasi zilizofichwa katikati ili fungu lionekane nene, hizo alikuwa anazitoa huku akimtaja muuzaji kwa jina. Akimaliza, fungu moja limekuwa mawili, la kupika na la kutupa. Usukumani wanachambua pamba hivyohivyo, nyuzi huku, mbegu kule. Pemba wanachambua karafuu, karafuu huku, makonyo kule. Kiswahili hakijui kuchambua ambako mwisho wake hakuna kilichowekwa kando. Ukiniambia umechambua gemu na kila kitu ndani yake ni kizuri, hujafungua kamba ya fungu.

Mrudie yule kijana wa boksi. Angechambua, angeanza na neno LED alilolisoma kwa sauti mara nne. TV nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni za LCD: skrini yake haitoi mwanga, inamulikwa kwa taa zilizo nyuma yake, na taa hizo ndizo za LED. OLED ni kitu kingine kabisa. Huko kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, inawaka na kuzimika yenyewe, ndiyo maana usiku wa ndani ya gemu unakuwa mweusi kweli badala ya kijivu. Nayo ina jani lake la njano: picha isiyohama, kama ile ramani ndogo inayokaa pembeni unapocheza, ikiachwa saa nyingi kila siku, miezi na miezi, inaweza kuacha alama isiyofutika. Angetazama pia tundu za HDMI, zile za kuchomekea waya wa picha, ni toleo gani, kwa kuwa 4K, picha yenye nukta nyingi, kwenye hertz 120, yaani ikibadilika mara 120 kwa sekunde, kwa kawaida inadai HDMI 2.1. Kisha angechomeka PS, yaani PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, akashika pedi na kupima kwa kidole chake: nimebonyeza sasa, mchezaji wangu anapiga lini? TV inayoipamba picha kabla ya kuionesha huichelewesha, na ucheleweshaji huo mara nyingi boksi haliusemi. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu vyenye TV chogo wanaujua kwa vidole vyao, maana chogo haikuwa inawachelewesha.

Na hilo neno, TV chogo, nalipenda kupita maelezo. Halikutoka kwenye kamati. Mtu aliitazama TV ya zamani, bomba lake la picha limetokeza kwa nyuma, akaona kisogo cha binadamu, akaipa jina. Alikitazama kitu kwanza, ndipo akakisema.

Kwenye gemu zenyewe mfano wangu ni Cyberpunk 2077, iliyotoka Desemba 2020. Wahakiki walipewa mapema nakala za kompyuta tu, na wengi wakaipa alama za juu. Waliokuja kuinunua kwa ajili ya PS4 wakakuta gemu inakwama na kujizima. Mwezi haujaisha, Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni, na haikurudi humo hadi Juni 2021. Wahakiki walikuwa wamechambua fungu moja, mnunuzi akapelekewa jingine. Waliotamka wazi kwamba wameona nakala ya kompyuta peke yake walifanya kazi yao. Waliosema tu "gemu ni nzuri" walimponza mtu na pesa yake, na ndiyo sababu nashikilia neno hili kwa nguvu.

Hayo mengine yana nafasi zake. Rivyu nimeshachoka kupigana nalo. Vijana wamelipokea, na kosa lake ni kwamba halimwambii msikilizaji umefanya nini hasa. Mapitio limetoka kwenye kupita, na anayepita hakai, kwa hiyo linafaa pale ulipocheza saa mbili ukaja kutuambia umeonja nini. Uhakiki ni ndugu wa haki na hakika, tumelizoea tangu fasihi ya sekondari, na ndilo ningekushauri uliite kazi yako nzima. Tathmini imetokana na thamani: humo ndimo zinamokaa alama zako, 7 kwa 10, na swali la kama bei inastahili.

Video uliyoniambatishia, ile ya gemu ya mpira, nimeitazama yote. Dakika ya tisa ulisimamisha picha, ukatuonesha kipa akipenya katikati ya mwili wa beki wake, ukasema kasoro hii ilikuwepo toleo lililopita na wameiacha. Ukairudisha nyuma tuione tena. Dakika hiyo moja ni uchambuzi, mdogo wangu. Zile nane za mwanzo, ulipokuwa unatusomea majina ya vikosi, zitafutie jina jingine.