Nywila ni sahihi, lakini Firefox inanirudisha palepale

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, nawajazia watu maombi mtandaoni kwa Firefox. Tangu kompyuta irudi kwa fundi aliyeisafisha virusi, tovuti moja ya maombi inanisumbua. Naweka jina na nywila, ukurasa unazunguka kidogo, kisha unanirudisha pa kuingilia bila kusema nimekosea. Wateja wengine tumewabadilishia nywila, bado. Kwenye simu zao wanaingia, na barua pepe yangu inafunguka vizuri. Nibadilishe kompyuta?

JIBU: Kompyuta iache, na nywila za watu ziache pia. Nywila ikikosewa, tovuti husema. Hiyo yako imekaa kimya, na simu inaingia kwa nywila ileile. Maana yake umekubaliwa, ila Firefox haikutunza uthibitisho.

Uthibitisho huo ni vidakuzi (cookies). Tovuti ikishakukubali hukipa kivinjari kipande kidogo cha data, nacho hukionyesha kila unapofungua ukurasa mwingine, kama muhuri wa mkononi kwa aliyekwisha kulipa kiingilio uwanjani. Kidakuzi kikikataliwa au kikiharibika, ukurasa unaofuata haukutambui, unakuambia uingie upya. Hata ubadilishe nywila kila saa, utazunguka tu.

Barua pepe inafunguka, kwa hiyo Firefox haijazuia vidakuzi vyote. Bonyeza Ctrl+Shift+P ufungue dirisha la faragha, ujaribu hapo. Dirisha hilo halibebi vidakuzi vya zamani, na viongezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya Firefox, havifanyi kazi humo mpaka uwe umeviruhusu. Ukiingia, kosa liko kwenye kimojawapo kati ya hivyo viwili. Andika about:preferences#privacy kwenye sehemu ya anwani, shuka hadi kwenye vidakuzi, bonyeza “Manage Data”, tafuta jina la tovuti hiyo na uifute peke yake. Usikimbilie Ctrl+Shift+Del na kufuta kila kitu. Utajitoa kwenye akaunti zako zote bila sababu. Isipotosha, zima viongezi kimoja kimoja, ukianza na vile vya kuzuia matangazo. Mafundi wengi huviweka baada ya kusafisha virusi, na mwenye kompyuta hana habari.

Usipoingia hata kwenye dirisha la faragha, tazama anwani wakati ukurasa unazunguka. Je, inaruka kwenda jina jingine la tovuti kisha inarudi? Tovuti nyingi huweka mlango wa kuingilia kwenye anwani tofauti na ya fomu. Tangu Juni 2022 Firefox hutenga vidakuzi vya kila tovuti peke yake, kwa hiyo kidakuzi cha mlangoni kinaweza kisionekane kwenye fomu, na ulinzi wa Firefox ukiwa kwenye ngazi ya “Strict” ukali unazidi. Mimi ningeshuka hadi “Standard”, kisha nizime ulinzi kwa tovuti hiyo tu, kupitia alama ya ngao iliyo kushoto kwa anwani. Nyingine zibaki zimelindwa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu saa ya kompyuta. Umeme ukikatika na tarehe ikarudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi CR2032, imekwisha. Lakini hapo Firefox huonyesha onyo la cheti cha usalama, haikuzungushi kimyakimya. Shida yako si hiyo. Na kama bado uko Windows 7, toleo la 115 la Firefox ndilo la mwisho kwako. Ukiwa chini ya hapo, sasisha kwanza.

Kwa kuwa kompyuta inatumiwa na wateja, kwenye mipangilio ileile weka alama ya kufuta vidakuzi Firefox inapofungwa. Haizuii kuingia, inamtoa mteja wa asubuhi kabla wa mchana hajakaa, mradi ufunge madirisha yote. Kisha fungua about:logins. Ukikuta nywila za wateja zimehifadhiwa humo, zifute, na kwenye mipangilio uzime chaguo la kuuliza kama ihifadhi nywila.