Walikwenda kulima, Lusajo

Tukuyu

Lusajo mwanangu,

Picha ya theluji imefika, nimewaonyesha majirani mpaka wamechoka nayo. Huku mvua haijakatika wiki ya pili sasa, na nguo nazianika jikoni juu ya moto kama enzi za bibi yako.

Juzi simu ilikatika kabla sijakujibu. Ulisema mmepita Cando, kule North Dakota, Marekani, na mwenyeji wako akakusimulia kwamba wazee wake walishuka pale kwenye treni wakiwa kanisa zima, na kanisa lenyewe linaitwa la Ndugu. Ukaniuliza mambo mawili: hao Ndugu ndio sisi Wamoravian? Na je, walikwenda kule kuhubiri au kulima?

La kwanza ni jepesi. Si sisi. Umechanganya kwa sababu na sisi tuliitwa Ndugu tangu zamani, ila mizizi yetu ni Bohemia, Ucheki ya leo, mwaka 1457, kisha Herrnhut, Ujerumani. Hao wenzetu walianza Schwarzenau, Ujerumani, mwaka 1708, watu wanane walipoingia mto Eder kubatizwa upya, kiongozi wao akiwa Alexander Mack. Wakakubaliana wasimtaje aliyekuwa wa kwanza kumbatiza mwenzake, asije akatukuzwa. (Nilipokuwa nafundisha historia, hapo ndipo wanafunzi walipokuwa wakiamka.) Kubatizwa upya lilikuwa kosa mbele ya serikali, na maisha yakawa magumu. Mwaka 1719 kundi la Peter Becker likavuka bahari hadi Germantown, Pennsylvania. Watu wakawabandika jina la Dunkers, yaani wachovyaji, maana kwao mbatizwa hupiga magoti mtoni akazamishwa mara tatu, uso ukitangulia.

La pili: walikwenda kulima.

Najua ungependa niseme kuhubiri. Sisi hapa Rungwe tuliletewa Injili mwaka 1891 na watu waliotumwa, nyuma yao kuna chama cha misheni na fedha za safari. Wale hakuna aliyewatuma. Walifuata ardhi: Maryland, Virginia, kisha Ohio karne ya 19 ilipokuwa inaanza, Indiana, Illinois, mpaka Kansas. Mtu ana wana watano na shamba moja. Hesabu hiyo unaijua. Babu yako aligawa migomba yake hadi baba yako mdogo akawa anapalilia amesimama kwa jirani.

Cando ilikuwa hivi. Reli ya Great Northern ilifika pwani ya Pasifiki mwaka 1893, na sehemu kubwa ya njia ilipita nchi pana isiyo na mizigo ya kubeba. Reli bila ngano ni hasara. Wakala wao, Max Bass, alikuwa na kazi ya kutafuta wakulima, na alikuwa mjanja: badala ya kuokoteza mmoja mmoja, aliwaendea Dunkers. Hawalewi, hawapendi kushtakiana, na akihama mmoja wanahama ukoo mzima na majirani. Serikali nayo ilikuwa inatoa ekari 160 kwa anayekaa miaka mitano akilima. Basi mwaka 1894 ikaondoka treni kutoka Walkerton, Indiana, na watu kama 350, pamoja na mifugo na plau na vyombo vyao, mzee wa kanisa A. B. Peters akiwa kati yao. Waliposhuka hawakuwa na jengo wala ubao wa kulijengea, lakini ushirika ulikuwepo.

Uliwezekanaje? Hawakuwa na mchungaji wa kulipwa. Mhubiri alikuwa mkulima kama wengine, amechaguliwa na waumini wenyewe. Siku ya uchaguzi mzee wa ushirika jirani hukaa chumba cha pembeni, kila mmoja anaingia peke yake na kumnong'oneza jina. Hakuna anayegombea. Unaamka mkulima, unalala mhubiri, na kesho asubuhi ng'ombe wanakusubiri uwakamue. Wapo waliolia waliposikia jina lao. Kwa hiyo familia kumi zikihamia mahali, si ajabu mhubiri na shemasi wamo humo humo, na barua za kuthibitisha ushirika wao walikotoka wanazo mfukoni. Ibada inafanyika sebuleni au kwenye banda la nafaka. Wazee wengine walizunguka kwa farasi kuwatembelea waliotawanyika. John Kline wa Virginia, mkulima na mganga wa mitishamba, alifanya hivyo miaka mingi bila mshahara, hadi alipoviziwa na kuuawa mwaka 1864, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu hakuacha kuvuka mistari ya majeshi.

Nikuambie ukweli, namwonea huruma mke wa mhubiri wa aina hiyo. Mume yuko juu ya farasi, ngano iko shambani, na wageni wa Karamu ya Upendo, ile ibada yao ya kula pamoja, wanataka kula na pa kulala.

Mwenyeji wako anasema ile ilikuwa nchi tupu. Hapo mkatalie kwa adabu. Waojibwe wa Turtle Mountain, wenyeji wa asili, walikuwepo. Mwaka 1892 tume ya serikali iliandikishana nao mkataba wa ekari milioni 10 kwa dola milioni 1, senti kumi kwa ekari, na chifu Little Shell akakataa. Bunge la Marekani liliidhinisha mwaka 1904. Treni ya Walkerton ilifika katikati ya miaka hiyo. Dunkers hawakushika bunduki, imani yao inakataza vita, na naamini walilala usingizi mzuri. Ngano yao iliota katika ardhi iliyopatikana hivyo hivyo.

Na kwa kuwa ardhi ndiyo iliyowaleta, ardhi ndiyo iliyowaondoa wengi. Miaka ya ukame ilipowazidi, wapo waliofungasha tena wakaenda Idaho, Washington, hata Canada, wakabeba barua zao za ushirika kama walivyokuja. Ushirika mmoja ukipungua huku, mwingine unazaliwa kule. Ndiyo maana nasita kusema kanisa lao lilikua. Mara nyingine walihama tu. Ukimwuliza mchungaji wetu atakwambia mimi ni mkali mno. Huenda.

Umeniambia yule bibi mzee amekualika kwenye Karamu ya Upendo. Nenda. Kwa desturi ya zamani, wanaume meza yao, wanawake yao; watakula nyama na mkate uliochovywa kwenye mchuzi, kisha mkate na kikombe. Ila kabla ya chakula wanaoshana miguu. Anayekaa pembeni yako atainama na beseni, nawe utainama kwa anayefuata. Usikatae, na usicheke. Na vaa soksi zisizotoboka.

Mama yako